Iwashe Kwanza, Ndipo Uifungue

Anayefufua pikipiki ya zamani nyumbani huvutwa mapema na kazi mbili: kuifungua yote hadi ibaki fremu tupu, na kuipaka rangi. Msimamo wangu ni kwamba hizo ni kazi za mwisho. Pikipiki iliyofunguliwa kabla ya kupimwa humwachia mtu maboksi ya vipuri asivyojua kipi kizima na kipi kibovu, na nyingi huishia humo humo kwenye maboksi. Ikiwashwa kwanza, hata kwa dakika mbili, yenyewe itaonyesha inaumwa wapi. Moshi wa bluu utakuelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu, na mlio mzito wa kugonga chini ya injini utakuelekeza kwenye beringi za krankshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). Bila hivyo utanunua vipuri kwa kubahatisha.

Lakini usikimbilie kupiga kiki. Injini iliyolala miaka huenda ringi zimeshikwa na kutu kwenye silinda, na kiki moja ya nguvu yatosha kuvunja ringi au meno ya gia ya kiki. Toa plagi, mimina mililita 10 hadi 15 za oili nyepesi kwenye tundu lake, acha usiku kucha. Kesho yake weka gia ya juu kabisa, kisha zungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono. Ikigoma, changanya mafuta ya gia za otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mimina, subiri siku kadhaa huku ukilitikisa gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo. Asetoni hushika moto upesi mno, kwa hiyo milango iwe wazi na pasiwe na cheche karibu. Mwaga pia oili ya zamani. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani.

Ikizunguka, pima mgandamizo, yaani shinikizo la hewa pistoni inapoikandamiza ndani ya silinda, kabla ya kununua chochote. Zungusha aksele (mkono wa mafuta) hadi mwisho, vinginevyo silinda haipati hewa ya kutosha na kipimo kitadanganya. Injini nyingi ndogo za mipigo minne zilizo nzima husoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 120 na 170, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Ikisoma chini, weka kijiko kidogo cha oili kwenye silinda, pima tena. Kipimo kikipanda, tatizo ni ringi au silinda. Kikibaki palepale, tazama valvu au gasketi ya kichwa. Kabla ya kuzihukumu valvu, pima nafasi zake, yaani uwazi mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma, injini ikiwa baridi. Honda C70, kwa mfano, hutaka milimita 0.05 tu. Valvu iliyobanwa haifungi sawasawa, mgandamizo huvuja, nayo huungua kwa sababu joto lake hutoka kupitia pale inapokalia kiti chake.

Kwa injini ya mipigo miwili kuna jambo ambalo wengi hulipita: sili za krankshafti. Zikikauka huingiza hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, joto linapanda, pistoni inakwama. Injini itawaka vizuri kabisa gereji, kisha itajifunga barabarani ikiwa na kasi. Sili hizo ni za bei ndogo kuliko pistoni na silinda. Zibadilishe hata kama zinaonekana nzima.

Sasa kabureta, ambayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya pikipiki zilizolala. Petroli ikizeeka huacha utando mgumu kama vanishi, na jeti ya mwendo mdogo (kipande chenye tundu la kupitishia petroli injini ikiwa taratibu) ndiyo huziba kwanza, kwa kuwa tundu lake mara nyingi halifiki hata nusu milimita. Dalili yake haifichiki: injini inawaka kwa choki, ukirudisha choki inazima. Kusafisha bakuli na boya peke yake hakusaidii kitu. Jeti itoke, ilowekwe kwenye dawa ya kabureta, ipulizwe kwa hewa ya kompresa hadi uone mwanga upande wa pili. Usiichokonoe kwa waya wa chuma, utapanua tundu na injini itakunywa mafuta daima. Unyuzi mmoja wa shaba kutoka waya laini wa umeme unatosha. Vipande vyote vya mpira vitolewe kabla ya dawa kugusa chochote. Skrubu ya mchanganyiko nayo, kabla ya kuitoa, izungushe ndani taratibu ukihesabu mizunguko hadi iguse, andika, ndipo uitoe. Ukiikaza kwa nguvu ncha yake itaharibu kiti chake, na hapo kabureta imekwisha.

Kwenye skrubu pia ndiko watu huharibu pikipiki za Japani. Skrubu za nyota za pikipiki hizo, nyingi zikiwa na kidoti kidogo kichwani, ni za JIS, kiwango cha viwanda cha Japani. Bisibisi ya Phillips, yaani ya nyota ya kawaida, haizami hadi chini. Hupanda na kukwangua kichwa. Nunua bisibisi ya JIS kabla ya spana nyingine yoyote. Bolti ya chuma iliyoganda kwenye aluminiamu ipashwe joto kwa hewa moto, maana aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma na kuiachia.

Kuiwasha mara ya kwanza hakuhitaji tangi. Tundika chupa ndogo ya petroli safi kwa mpira, ili kutu ya tangi isirudi kwenye kabureta uliyotoka kuisafisha. Tangi lenyewe lisafishwe kwa asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, kwa saa 12 hadi 24, baada ya kutoa koki na mabaki yote ya petroli. Suuza kwa maji yenye baikaboneti ya soda, kausha papo hapo kwa hewa moto, kisha zungusha petroli yenye oili kidogo ndani. Ukichelewa, chuma kitupu hushika kutu mpya ndani ya dakika chache. Rangi ya kupaka ndani ya tangi siipendekezi kama halivuji: ikibanduka, vipande vyake huziba koki na jeti.

Ikishawaka, fedha iende kwenye breki na tairi kabla ya kitu chochote king'aacho. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Tarakimu tatu maana yake ni kabla ya 2000, na tairi hiyo itupwe hata kama kashata zake ni ndefu, kwani mpira umekauka na haushiki barabara. Shuu za breki za zamani zinaweza kuwa na asbesto, hivyo vumbi lake lisipulizwe. Lowanisha, pangusa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Umeme nao hulaumiwa kabla ya kupimwa. Washa taa kubwa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye injini. Ikizidi volti 0.2, safisha muungano wa ardhi (pale waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu au injini) kabla ya kugusa koili au rektifaya. Kwa mfumo wa volti 12, chaji injini ikienda kasi ya kati iwe takriban 13.8 hadi 14.5. Ikivuka 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imekufa na itachemsha betri.

Hapo ndipo fremu ivuliwe, kila mfumo ukiwa na mfuko wake na picha zake. Ziba viti vya beringi, nyuzi za bolti na sehemu ya ardhi kabla ya rangi, na namba ya fremu isiguswe kwa msasa. Rangi za kuchanganya na hadina (kigumisho) zina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya kawaida haizuii mvuke wake, kwa hiyo upuliziaji huo mwachie mwenye chumba na vifaa vya hewa. Wakati wa kufunga, bolti za milimita 6 kwenye aluminiamu hutosheka na takriban nyutoni mita 10. Oili iwe yenye alama ya JASO MA, kiwango cha oili ya pikipiki ambazo klachi yake imo ndani ya oili, kwa kuwa oili ya gari inaweza kufanya klachi iteleze. Baada ya kilomita 100 za kwanza imwage, kagua spoku na kaza bolti upya, kisha pima nafasi za valvu tena injini ikiwa baridi.