Ubao wa muuza dawa ya mchwa hauthibitishi kitu

Wauza dawa ya mchwa hupenda kuonyesha ubao uliokaa miezi miwili juu ya kichuguu ukatoka mzima. Mimi siuamini. Mchwa wa vichuguu vikubwa hupita njia za chini ya ardhi kwenda kula mbali, kwa hiyo ubao ule huenda hawakuugusa hata usingepakwa dawa.

Cha kwanza kuuliza ni kama palikuwa na ubao mtupu pembeni, na kama uliliwa. Kwa jaribio la maana, tumia mbao za paini kutoka sehemu nyeupe ya nje ya gogo. Kiini cha miti kama mninga hujilinda chenyewe, na dawa itapata sifa isiyo yake. Kipimo cha Ulaya, EN 252, hutumia vijiti vya milimita 500 kwa 50 kwa 25, vilivyofukiwa nusu. Weka angalau 10 kwa kila dawa, 10 vitupu, na kama dawa imechanganywa na mafuta ya taa, vingine 10 vichovywe mafuta ya taa peke yake. Pawe na nafasi ya sentimita 30 au zaidi, na mahali pa kila kijiti papatikane kwa kura, maana mchwa huteketeza kona moja wakaacha nyingine. Oili chafu nayo, inayosifiwa sana mitaani, iingie kwenye kura hiyohiyo.

Pima uzito kabla ya kuchovya na mara tu baada yake, ujue dawa kiasi gani imeingia. Kisha pasua kijiti kimoja uangalie. Kuchovya dakika chache hupeleka dawa milimita chache tu kutoka ubavuni, na ndiyo maana ningedai kila jaribio liwe na vijiti vilivyokatwa upya baada ya kutibiwa. Fundi akiwa juu ya paa hukata, na pale penye mkato mweupe ndipo mchwa wanapoanzia.

Usifanye haya kiangazi tu. Dawa za boroni, ambazo ni nzuri kwa kenchi zisizolowa, huoshwa na mvua zikiwa ardhini. EN 252 huchukua miaka 5. Ukikosa subira hiyo, vumilia walau masika mawili, ukikagua na kutoa alama: 0 hakijaguswa, 4 kimekatika. Kigonge kwanza kabla ya kuandika 0. Mchwa hula ndani wakaacha ganda.

Vijiti vitupu vikibaki vizima, futa matokeo yote na utafute uwanja mwingine.