Tuulizeni Tunamkubali Nani, Halafu Mtuache Tuseme

Wiki nzima hii kuna picha inazunguka kwenye magrupu. Nyuso kumi tunazozijua sote, kila uso na asilimia yake chini, na juu kwa herufi kubwa: hawa ndio Watanzania wanaokubalika zaidi. Wanasiasa wengi, wasanii wawili, mfanyabiashara mmoja, mhubiri mmoja. Kwenye grupu la ukoo wetu watu wamebishana mpaka usiku wa manane nani alistahili kuwa wa pili. Hakuna aliyeuliza jambo lililopaswa kuulizwa mwanzo: hao waliohojiwa waliulizwaje?

Mimi limenikera hilo kwa sababu nimewahi kukaa karibu na mtu akihojiwa. Nilikuwa Muheza kwa shangazi yangu, ndugu wa baba, nikisubiri chai, alipofika kijana na kishikwambi, fulana ina nembo ya kampuni ya utafiti. Kijana mwenye adabu, alitoa shikamoo yake vizuri akapewa kiti barazani. Maswali yakaanza: umri, elimu, nyumba ina vyumba vingapi, ukuta wa nini, kuna redio, kuna runinga. Shangazi alikuwa anachambua mchicha na akawa anajibu bila kuinua macho. Ndipo likaja lenyewe: "Mama, kati ya watu wote hapa nchini, nani unamkubali zaidi?"

Shangazi akasimamisha mikono. Akamtaja nesi wa zahanati yao. Akaeleza na sababu bila kuombwa: huyo nesi anampima presha, kisha anamwandikia namba kwenye daftari kwa tarakimu kubwa ili azisome mwenyewe bila miwani, na dawa zikiisha anawatangazia watu asubuhi mapema wasikae foleni bure mpaka saa nane.

Kijana akatelezesha kidole kwenye kioo, juu, chini, juu tena. "Huyo hayumo, mama. Chagua kati ya hawa." Akamgeuzia kishikwambi. Shangazi hakuangalia hata hizo picha. "Basi weka Rais."

Akaweka Rais, wakaendelea na swali linalofuata.

Kijana alipoondoka nikamuuliza shangazi kwa nini amebadilisha. Akaniambia, "Mwanangu, mtu ana jina langu, ana namba yangu ya simu, na nyumba yangu ameipiga picha. Ulitaka nimtaje nani?"

Kwa hiyo ninapoona asilimia zinazunguka kwenye simu, najua ndani yake wamo watu kama shangazi ambao jibu lao la kweli lilitupwa barazani. Kichwa cha habari kikatengenezwa kwa jibu la pili, lile la kujihami.

Wenzetu Marekani wamelifanya zoezi hili kwa miaka mingi, na kwa hili moja nawapa haki yao. Gallup, kampuni ya kura za maoni, walianza mwaka 1946 kuwauliza Wamarekani mwanamume gani aliye hai, popote duniani, wanamkubali kuliko wote, na baadaye wakaongeza mwanamke. Karibu kila mwaka hadi 2020 waliuliza, 1976 waliruka. Na swali lao lilikuwa wazi. Hakuna orodha, hakuna picha. Mtu anataja jina linalomjia, na anaweza kumtaja hata mjomba wake. Kila mwaka wako waliomtaja ndugu au rafiki, na wako wengi ambao hawakutaja mtu yeyote. Gallup waliyaandika hayo kwenye taarifa zao, tena kwa uwazi. Ila ukifungua magazeti ya siku hiyo unakuta mshindi tu.

Mshindi mwenyewe tumtazame. Mwaka 2020 Donald Trump aliongoza kwa asilimia 18, Barack Obama akafuata kwa 15. Joe Biden, aliyekuwa ametoka kushinda uchaguzi, alipata 6. Anthony Fauci, daktari aliyekuwa akionekana kwenye runinga kila siku katika mwaka wa korona, alipata 3. Upande wa wanawake Michelle Obama aliongoza kwa asilimia 10. Sasa wewe piga hesabu. Wa kwanza kati ya wanaume ana 18. Maana yake Wamarekani zaidi ya 80 katika kila 100 hawakumtaja. Wa kwanza kati ya wanawake hakutajwa na 90 katika 100. Halafu dunia nzima inaandika "mtu anayekubalika kuliko wote Marekani", na sisi huku tunanakili na kubandika.

Idadi hizo zinaeleza kitu, sikatai. Zinaeleza kwamba ukimshtukiza mtu kwa simu ukamwambia ataje jina moja, litamtoka jina analolisikia kila siku. Ndiyo maana kwa miongo mingi Rais aliyeko madarakani ndiye aliyekuwa akiongoza, awe wa chama gani. Asilimia kubwa kuliko zote katika historia ya swali hilo, 39, alipewa George W. Bush mwishoni mwa 2001, miezi michache tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Watu walikuwa na hofu na uso wake ulikuwa kwenye kila runinga. Billy Graham, mhubiri, aliingia kumi bora mara 61 na hakuwahi kuwa wa kwanza hata mara moja. Malkia Elizabeth aliingia zaidi ya mara 50. Kwangu mimi hao wawili wanaeleza mengi kuliko washindi, maana watu walirudi kuwataja mwaka baada ya mwaka, marais wakija na kuondoka. Lakini nani aliwahi kuandika kichwa cha habari juu ya mtu wa nne?

Hata sharti la "aliye hai" lina mambo yake. Nenda kijiwe chochote cha kahawa, Tanga au Mwanza, uulize kiongozi gani watu wanamkubali. Kabla kikombe hakijapoa utakuwa umesikia Nyerere na utakuwa umesikia Sokoine. Sokoine, Waziri Mkuu wetu wa wakati huo, alifariki kwa ajali ya gari kule Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, na vijana wanaomtaja walikuwa hawajazaliwa. Hawakumwona wala hawakumsikia akihutubia. Wanamtaja kwa sababu wazee wao walikaa wakawasimulia jinsi alivyopambana na walanguzi. Hilo ndilo jambo ningependa mtafiti akae nalo kitako: mtu anapewaje heshima ya namna hiyo, ikarithiwa miaka 40 bila bango wala wimbo wa kampeni? Swali lenye majina kumi ya walio hai haliwezi kulifikia.

Kuna jingine baya zaidi ya orodha, nalo ni kura za kubofya. "Bofya hapa umpigie kura." Hizo si utafiti, na naomba tuache kabisa kuziita utafiti. Afrika Kusini walilipata somo hili mwaka 2004, kituo cha SABC3 kilipoendesha kura ya Waafrika Kusini wakuu kuliko wote. Mandela aliongoza, kama kila mtu alivyotarajia. Ila katika nafasi ya 19 akatokea Hendrik Verwoerd, yule yule anayeitwa msanifu wa ubaguzi wa rangi. Nchi ambayo watu wake wengi ni weusi, miaka kumi baada ya uchaguzi wa kwanza huru! Waliopiga kura walikuwa wale waliokuwa na simu, intaneti na muda, na nchi ile bado ilikuwa imegawanyika hata kwa vitu hivyo. Kelele zikawa kubwa na kipindi kikakatishwa. Sisi tunaifanya kura ya aina ile ile leo, na mtangazaji anaisoma asubuhi kana kwamba ni sensa.

Lakini linaloniuma zaidi ni lile la "ulitaka nimtaje nani?"

Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni ambao wamezunguka nchi nyingi za Afrika wakihoji watu uso kwa uso, wana swali moja wanaloliweka mwisho kabisa wa dodoso: unadhani nani ametutuma kukuhoji? Mhojaji huwa ameshajitambulisha mwanzoni kwamba hatoki serikalini. Bado sehemu kubwa ya watu, nchi baada ya nchi, hujibu kwamba ni serikali. Wanazuoni waliozichambua takwimu hizo wameonyesha kwamba anayedhani ameulizwa na serikali huelekea kuisifu zaidi. Nawaheshimu Afrobarometer kwa kuliweka swali hilo hadharani, maana linadhoofisha namba zao wenyewe na bado wanalitoa. Nionyesheni kampuni moja ya hizi zinazotoa orodha za wanaokubalika iliyowahi kufanya hivyo.

Na woga huo haukuja bure. Twaweza, shirika lisilo la kiserikali, walikuwa na utaratibu mzuri, Sauti za Wananchi, wa kuwapigia simu watu wale wale mara kwa mara. Mwaka 2016 walitangaza kwamba asilimia 96 ya waliohojiwa waliukubali utendaji wa Rais Magufuli. Hapakuwa na neno. Mwaka 2017 ikashuka hadi 71. Julai 2018 wakatangaza 55. Hapo ndipo Tume ya Sayansi na Teknolojia ikawaandikia barua kutaka maelezo kuhusu kibali, na pasipoti ya mkurugenzi wao ikachukuliwa. Septemba mwaka huo huo Bunge likabadilisha Sheria ya Takwimu ikawa kosa la jinai kutoa takwimu zinazopingana na za serikali. Mwaka uliofuata sheria ikalegezwa. Namba 96 na namba 55 zilitoka kwa taasisi ile ile. Iliyohitaji maelezo ni moja.

Shangazi wa Muheza hajasoma sheria hiyo na sidhani kama ameisikia Twaweza. Haina haja. Mambo ya namna hii yanashuka kutoka mjini hadi kijijini bila gazeti, na yanafika yakiwa mafupi: mtu akija kukuuliza unampenda nani, jibu salama lipo. Ndiyo maana swali la nani anakubalika zaidi ni gumu kwetu kuliko hata swali la utampigia nani kura. Kura ina pazia. Hili unajibu barazani, majirani wanasikia, na kijana anaandika.

Wenye kampuni watasema swali la wazi ni ghali. Ni kweli. Majibu elfu moja yasiyo na orodha yanahitaji mtu wa kukaa na kuyasoma moja moja, kuamua kwamba "Mwalimu", "Baba wa Taifa" na "Kambarage" ni mtu mmoja, na kwamba "nesi wetu" wa kijiji hiki si "nesi wetu" wa kile. Orodha inarahisisha, na inasaidia kulinganisha mwaka huu na ujao. Nakubali hayo. Lakini kama huna fedha ya kusikiliza jibu, usiulize. Uliza kitu kingine. Uliza bei ya sukari.

Na kama mtauliza, kwanza mrudishe nafasi ya "mwingine, taja" na mhojaji aruhusiwe kuandika jina alilopewa, hata kama ni la nesi, la mwalimu wa madrasa au la mwenyekiti wa kijiji ambaye hakuna anayemjua ng'ambo ya mto. Baada ya jina, muulize kwa nini. Sababu ya shangazi ilikuwa na thamani kuliko jina lenyewe: tarakimu kubwa kwenye daftari, na ukweli kuhusu dawa kabla watu hawajapoteza siku. Waziri wa Afya angeweza kuifanyia kazi sababu hiyo kesho asubuhi. Picha ya nyuso kumi ataifanyia nini?

Kwa ndugu zangu watangazaji na wahariri, ninaomba msome namba tatu kwa pamoja, si moja. Wa kwanza alipata asilimia ngapi. Wangapi hawakutaja mtu yeyote. Wangapi walimtaja mtu wao wa karibu. Kisha mtuambie waliulizwa kwa orodha au bila orodha, na nani alilipia. Ni sentensi mbili tu, zinatosha kusomwa kabla ya tangazo la biashara. Aliyewapa matokeo akishindwa kuwapa hizo namba tatu, msiyasome.