Je, ulimwengu unatanuka haraka hapa kwetu kwa sababu tumekaa patupu?

Usiku wa manane wa Desemba, mvua ikipumzika, anayesimama Kitulo, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na kutazama kusini huona doa jeupe kama wingu lisilosogea. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya nuru 162,000 hivi. Umbali huo umepimwa kwa kosa la asilimia 1 tu, ndiyo maana ni moja ya nguzo za kupimia kasi ya kutanuka kwa ulimwengu: hapo husawazishwa nyota za Sefeidi, ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka kwa mpangilio, na Sefeidi nazo husawazisha supanova, yaani nyota zinazolipuka, za mbali. Mwaka 2022 njia hii ilitoa kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki (miaka ya nuru milioni 3.26 hivi). Mwanga wa kale, uliobaki tangu utoto wa ulimwengu na kupimwa na chombo cha angani cha Planck, hutoa 67.4.

Wapo wanaosema tofauti hiyo ya asilimia 8 inatokana na mahali tulipo. Maada, yaani vitu vyote vyenye uzito, haikutapakaa sawasawa, na anayepima mvua Tukuyu, inakopita milimita 2,000 kwa mwaka, hawezi kuusemea uwanda mkavu wa Usangu. Penye maada pungufu, galaksi huvutwa na maeneo mazito ya nje, zikaonekana zinakimbia zaidi. Mwaka 2013 wanaastronomia Keenan, Barger na Cowie walikuta dalili za upungufu wa namna hiyo, unaotuzunguka hadi megaparseki 300 hivi.

Hoja ina mashiko, ila hesabu inaielemea. Maada ikipungua kwa asilimia 20, kasi hupanda kwa asilimia 3.5 tu. Kufikisha 8 lazima ipungue karibu nusu, kwenye eneo lote hilo, jambo ambalo nadharia ya kawaida ya ulimwengu haiwezi kulimeza. Tena, ukivuka ukingo wa utupu kasi ingeshuka ghafla. Mwaka 2019 Kenworthy, Scolnic na Riess walizipanga supanova kwa umbali wakiutafuta mshuko huo. Hawakuuona.

Lakini anayeupuuza mtapakao wa maada naye atapotea. Galaksi yaweza kuyumbishwa na majirani kwa kilomita 300 kwa sekunde: ikiwa kutanuka kunaikimbiza kwa 3,000, hilo ni kosa la asilimia 10, ikiwa 7,000, ni 4. Ndiyo sababu supanova za karibu huachwa, na zinazobaki hurekebishwa kwa ramani za galaksi. Hata Jua letu linakwenda kilomita 370 kwa sekunde kuelekea upande wa kundinyota la Simba. Usipoziondoa, galaksi za upande huo zitaonekana kukimbia polepole kuliko za upande wa pili.