"It is clear that": ni wazi kwa nani?

Tarehe 9 Agosti 2021, Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilitoa ripoti ambayo muhtasari wake una sentensi hii: "It is unequivocal that human influence has warmed the atmosphere, ocean and land." Yaani, kwamba binadamu ameongeza joto la angahewa, bahari na nchi kavu, hilo halina ubishi tena. Septemba 2013 jopo hilohilo lilikuwa limeandika: "It is extremely likely that human influence has been the dominant cause of the observed warming since the mid-20th century." Zilipita karibu miaka minane, zikafanyika tafiti nyingi, lakini umbo la sentensi ni lilelile: "it is", kivumishi, kisha kishazi cha "that". Aliyetaka kujua msimamo wa sayansi umesogea kiasi gani alikuwa na neno moja la kutazama.

Nawatanguliza wanasayansi hawa makusudi, kwa kuwa sentensi za namna hii zina sifa mbaya. Fungua tasnifu yoyote iliyoandikwa kwa Kiingereza katika vyuo vyetu, Dar es Salaam au Nairobi, utakutana na "It is clear that", "It is important to note that", "It is obvious that", wakati mwingine aya nzima haina mwanzo mwingine. Wapo wasimamizi wanaozikata zote bila huruma. Wapo pia wanaowafundisha wanafunzi wazikariri, eti ndiyo sauti ya kitaaluma. Pande zote mbili zina hoja, ingawa kwa maoni yangu hazigombani juu ya kitu kimoja.

Kwanza tuone sentensi yenyewe inavyofanya kazi. Kiingereza huruhusu kishazi kizima kiwe kiima: "That human influence has warmed the atmosphere is unequivocal." Kisarufi hakuna kosa, ila msomaji analazimika kushikilia maneno mengi kabla hajajua ataambiwa nini juu yake. Kwa hiyo kishazi husogezwa mwisho, na nafasi yake ya mbele hushikwa na "it" isiyorejelea kitu chochote. Kivumishi kinatangulia na kumpa msomaji hukumu kabla hajasikia kesi. Iko namna ya pili, ambamo kiima ni mtu: "I am certain that", "We are aware that", "The court is satisfied that". Hapo hukumu ina mwenyewe. Katika namna ya kwanza mwenyewe haonekani, na ugomvi wote unaanzia hapo.

Wapinzani wana shutuma mbili. Ya kwanza ni ya ubahili wa maneno. William Strunk, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliwaandalia wanafunzi wake mwongozo mwaka 1918 na kuwaamuru waondoe kila neno lisilo na kazi. Ukiondoa "It is clear that" kwenye sentensi nyingi, madai yanabaki palepale na sentensi inapumua. Shutuma hii ni ya kweli lakini ni nyepesi, kwani maneno manne ya ziada hayajamuua msomaji.

Ya pili ni nzito. Mwandishi akisema "It is obvious that poverty causes truancy", kwamba ni dhahiri umaskini ndio unaosababisha utoro shuleni, ametoa dai kubwa akakwepa deni la kulithibitisha. Zaidi ya hapo, amemwekea msomaji mtego wa aibu: asiyeona lililo dhahiri ni nani, kama si mjinga? Wanahisabati wanaijua karaha hii vizuri. Nathaniel Bowditch, Mmarekani aliyejisomea mwenyewe na kutafsiri juzuu nne za kazi ya Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, juu ya mwendo wa sayari, husimuliwa kuwa alisema kila alipomkuta Mfaransa huyo akidai kuwa jambo linaonekana waziwazi, alijua ana saa nyingi za kazi ngumu mbele yake kuziba pengo lililoachwa. Naamini kwa Laplace jambo lilikuwa wazi kweli. Lakini uwazi ni uhusiano kati ya jambo na mtu fulani, na sentensi inayoanza na "it" humfuta mtu huyo, ikaonekana kana kwamba uwazi umo ndani ya jambo lenyewe.

Sasa upande wa pili. Zipo hati ambazo msemaji hawezi kuwa "mimi". Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, bila kura ya kupinga, nchi nane zikijizuia. Katika dibaji yake tunasoma: "Whereas it is essential, if man is not to be compelled to have recourse, as a last resort, to rebellion against tyranny and oppression, that human rights should be protected by the rule of law." Kati ya "essential" na "that" yamepita maneno ishirini, na maneno hayo ndiyo yenye moto: onyo kwamba mtu asiyelindwa na sheria mwishowe ataasi. Lingeandikwa kwa nafsi ya kwanza, swali lingekuwa nani anaonya. Likiandikwa hivi, kila mjumbe anaweza kuliunga mkono bila kujifunga na hasira ya mwenzake. Kutokuwa na msemaji hapa si kujificha. Ndivyo wengi wanavyoweza kusema kwa pamoja.

Utetezi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, uko kwa IPCC. Kwao "likely" maana yake ni uwezekano wa kuanzia asilimia 66, "very likely" kuanzia 90, "extremely likely" kuanzia 95, na "virtually certain" kuanzia 99. Fuata ripoti zao kuhusu chanzo cha ongezeko la joto, utaona ngazi ikipandwa: mwaka 2001 ilikuwa "likely", 2007 "very likely", 2013 "extremely likely". Mara zote si kwa umbo la "it is... that", lakini kivumishi ndicho kilichobeba kipimo. "Unequivocal" ya 2021 imetoka nje ya ngazi hiyo kabisa, kwa sababu sasa linasemwa kama ukweli uliothibitika. Na muhtasari huo hupitishwa na wajumbe wa serikali mstari kwa mstari. Anayesema vivumishi hivi ni vya kujaza ukurasa tu na aeleze kwa nini wajumbe hukesha wakivijadili.

Lakini hata hapo mpinzani hajanyamazishwa. Watafiti wakiongozwa na David Budescu walichapisha mwaka 2009 majaribio yaliyoonyesha kuwa watu wanaposoma sentensi za IPCC, "very likely" huielewa kuwa chini sana ya asilimia 90 iliyokusudiwa. Maneno ya hakika huvutwa kuelekea nusu kwa nusu. Walipendekeza tarakimu ziandikwe palepale kando ya neno. Maana yake, kivumishi kina kipimo kwa mwandishi, ila kipimo hicho hakimfikii msomaji mpaka apewe namba mkononi. Mimi naona ushahidi huu hauliangushi umbo la sentensi. Unaonyesha gharama yake.

Ndiyo maana naona mjadala wa kukata au kuacha umekosea mahali pa kushika. "Possible", "likely" na "probable" hupima, na anayezitumia anaweza kubanwa: kwa msingi gani, kwa kiasi gani? Ukizikata, dai linabadilika, na mara nyingi linakuwa la uongo, kwa kuwa jambo linalowezekana limegeuzwa kuwa jambo lililotokea. "Clear", "obvious" na "evident" hazipimi kitu. Zinaomba ukubali. Ushahidi ukiwa mezani hazihitajiki, na usipokuwepo zinadanganya. Nafasi pekee ninayoziachia ni pale mwandishi anapokubali jambo ili alipinge linalofuata, "It is true that... but...", na hapo ni "true" inayofanya kazi vizuri, si "clear". "Important" na "interesting" nazitazama kwa shaka kubwa. Jambo la kuvutia huvutia lenyewe, wala halihitaji mpiga mbiu.

Kuhusu zile zenye mtu mbele, majaji wametutangulia. Hukumu ya Kiingereza yenye "I am satisfied that" inamfunga aliyeandika: yeye ndiye aliyeridhika, na mahakama ya rufaa itauliza aliridhika kwa ushahidi upi. Sioni kwa nini mwanafunzi wa shahada ya pili akatazwe kuandika "I am not convinced that" wakati jaji anaruhusiwa, ila ni desturi ya idara nyingi kuogopa herufi "I" kama mdudu.

Limebaki suala la kitenzi baada ya vivumishi vya kutaka, kama "essential", "important" na "vital". Mmarekani huandika "It is essential that he be present", Mwingereza wa kawaida "that he should be present", na wengi siku hizi "that he is present". Umbo hili la "be" liliwahi kudhaniwa linakufa. Lakini mkusanyo wa maandishi ya Waingereza ya mwaka 1961 ulipolinganishwa na wa 1991, lilikutwa limeongezeka. Sisi hatuna sababu ya kuliona geni, maana "ni lazima awepo" ina kazi hiyohiyo kwenye "-e" iliyo kabla ya "-po". Halifai lakini baada ya vivumishi vya hakika: "It is clear that he be present" ni kosa, kwa sababu hapo hakuna anayetaka kitu, kuna anayearifu tu.

Wanaosema "is" inatosha kila mahali wana haki katika mazungumzo. Kwenye hati sikubaliani nao. Chukua katiba ya chama cha kuweka na kukopa iliyoandikwa kwa Kiingereza: "It is important that the treasurer is present." Je, mweka hazina ametakiwa awepo, au mwandishi anasifu tu kwamba yupo? Weka "be", na akikosekana kikaoni wanachama wana la kumuuliza.