Jina lile lile, jibu jingine: toleo jipya na hesabu za ofisi za utalii Moshi

Ofisi ya utalii Moshi inaweza kuendesha mambo yake yote, kuanzia nafasi za wageni hadi mgawo wa bakshishi za wapagazi, kwa programu iliyoandikwa miaka mingi nyuma na kijana ambaye siku hizi yuko Dar es Salaam. Kisha mwenye seva anatangaza kwamba toleo la zamani la PHP au Python, lugha ambazo programu za namna hii huandikwa kwazo, linazimwa. Kuhama kwenda toleo jipya hakukwepeki: Python 2 iliachwa rasmi mwanzoni mwa 2020, na PHP 7.4 haijapata marekebisho ya usalama tangu mwishoni mwa 2022. Ubishi wa madevelopa, yaani waandishi wa programu, ni namna ya kuhama.

Mabadiliko yenye kelele hayanisumbui. Funksheni (amri zenye jina) za mysql_, za kuzungumza na hifadhidata, ziliondolewa kwenye PHP 7.0, na count(), ya kuhesabu vitu, ikipewa null, yaani hakuna kitu, kwenye PHP 8 inagoma papo hapo. Programu inasimama, mstari wenye kosa unaonekana, unarekebisha, unaendelea.

Kazi ipo kwa funksheni inayobaki na jina lake huku ikitoa jibu tofauti bila kulalamika. Tuchukue round() ya Python, inayokadiria namba yenye desimali kuwa namba kamili. Zamani 2.5 ilipanda kuwa 3. Kwenye Python 3 nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo 2.5 inakuwa 2 na 3.5 inakuwa 4. Alama ya kugawanya nayo ilibadilika: 5/2 ilikuwa 2, sasa ni 2.5. Ukiweka yote mawili pamoja, round(5/2) inatoa 2 kwenye matoleo yote mawili, kila moja kwa njia yake. Aliyejaribu kwa 5 pekee ataapa kwamba hakuna kilichobadilika. Ajaribu 7, yaani round(7/2): zamani alipata 3, sasa anapata 4. Kwenye orodha ya wapagazi, hiyo ni dola moja ambayo mhasibu ataulizwa ilikotoka.

Kundi moja linasema: andika funksheni yako ndogo, tuseme kadiria_zamani(), igawanye na kukadiria kwa tabia ile ile ya awali, uiite kila palipokuwa na round(). Hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Ankara za mwaka jana zimeshatolewa na hesabu zimefungwa. Ripoti ikichapishwa upya lazima ilingane na karatasi iliyo kwenye faili. Na mwenye ofisi, kusema kweli, hakulipia hesabu zibadilike.

Kundi la pili linaona huko ni kufuga tatizo, nao wana ushahidi. Kwenye PHP 7, namba 0 ikilinganishwa kwa == (alama ya kuuliza kama vitu viwili ni sawa) na neno "imelipwa", jibu lilikuwa kweli, kwa sababu neno liligeuzwa kuwa namba kwanza. Mfumo uliotumia 0 kwa mgeni ambaye hajalipa ungeweza kumhesabu kuwa amelipa. PHP 8.0 ya Novemba 2020 ilibadilisha hilo, jibu likawa si kweli. Hapa anayerudisha tabia ya zamani anarudisha hitilafu yenyewe, tena kwa juhudi.

Mimi nasimama na kundi la pili, ila kwenye pesa iliyokwisha kutolewa hesabu nawapa wa kwanza haki yao. kadiria_zamani() itumike kwa safari zilizofanyika kabla ya tarehe ya kuhama, na tarehe hiyo iandikwe ndani ya msimbo. Safari mpya zifuate kanuni ambayo mhasibu ameichagua kwa kauli yake. Suala la nusu dola iende wapi si la developa, wala si la waliotunga Python.

Kabla ya hapo, toa hesabu za msimu mzima uliopita, uzipitishe kwenye matoleo yote mawili, ulinganishe safu kwa safu. Namba chache za kubuni hazitoshi, kama 5 ilivyoonyesha. Kazi hii ifanyike Aprili au Mei, masika, wakati wapanda mlima ni wachache. Anayeanza Julai atakuwa anatafuta dola iliyopotea huku kundi la wageni limekaa mapokezi likisubiri risiti.