Fundi akisema "tupige Windows", msimcheke kwanza

Kuna utani umekuwa mkubwa siku hizi kwamba fundi kompyuta wa Bongo anajua dawa moja tu, kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Laptopu nzito, tupige Windows. Sauti haitoki, tupige Windows. Ukitaja virusi ndo kabisa, hata hajaiwasha mashine ameshachomoa flashi yake kwenye bunda la funguo. Na vijana wanaojuajua kompyuta wanamcheka, wanasema huyo sio fundi, fundi wa kweli anaskani, anakitafuta kirusi kilipojificha anakitoa, na mashine yako inaendelea na picha zako zipo palepale. Mimi mwenyewe nimekaa upande wa wachekaji miaka mingi. Sasa nimehama, sio kwa kila kitu na sio kwa mafundi wote, ila kwenye hili la virusi nadhani tunawaonea.

Nianze na haki ya wanaosafisha maana wanayo, tena kubwa tu.

Dada yangu ni mwalimu wa sekondari. Siku moja katoka steshenari kuprinti mitihani, kufika nyumbani anachomeka flashi anakuta folda zote zimegeuka shotikati, kila moja ina kale kamshale pembeni na ukubwa wa KB 1 au 2. Fundi wa jirani akamwambia flashi imekufa hiyo, ifomatiwe. Akanipigia karibu analia. Nikamwambia usiguse kitu, nakuja. Nilifungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandika amri, nikaandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* nikabonyeza Enter, haikufika dakika, Form Two A, Form Two B, Mock, zote hizo zikarudi kama zilivyokuwa. Kirusi cha aina ile hakifuti kitu, kinazificha folda zako halafu kinaweka shotikati zenye majina yaleyale, ukibofya inakufungulia folda yako kweli ili usishtuke, huku nyuma wscript, programu ya Windows yenyewe ya kuendesha skripti, inaendesha ya kwake. Yaani fomati pale ingefuta mitihani ya muhula mzima kwa tatizo la mstari mmoja.

Na wako sahihi kwa mengine pia. Ule ujumbe unaotokea pembeni ya kioo kwamba kompyuta yako ina virusi 5, lipa hapa usafishiwe, mara nyingi ni tovuti uliyoibofyea "Allow" siku unatafuta muvi, unaingia kwenye mipangilio ya Chrome unaifutia ruhusa, kwisha habari, anayefomati kwa hilo anakuibia hela. Hata wale jamaa wanaofunga mafaili na kudai pesa, Djvu kwa mfano, ukikimbilia kufomati umejikata mwenyewe, maana Oktoba 2019 Emsisoft, kampuni ya antivirusi, walitoa programu ya bure ya kufungua aina 148 za Djvu na waliokuwa wametunza mafaili yao yaliyofungwa wengi waliyapata, waliofuta hawakuwa na cha kufungua. Ukiongeza na bando la kushusha Windows nzima, ambalo ni GB kadhaa, unaelewa kwa nini mtu anaona bora askani.

Sasa nirudi kwa dada, maana flashi ilikuwa nusu tu ya habari.

Laptopu yake nayo ilikuwa nacho. Nikaisafisha kama msomi: nikaua wscript kwenye Task Manager, nikafuta ile skripti kwenye AppData na kwenye Startup, nikapitia rejista, nikamalizia na Defender Offline, skani ya antivirusi ya Windows yenyewe, ile inayojizima na kuskani kabla Windows haijaamka, robo saa hivi. Ikatoka safi. Nikanywa chai ya dada, nikasifiwa, nikaondoka. Wiki tatu mbele feni inaunguruma muda wote na brauza inampeleka kwenye kurasa asizozijua. Kuangalia, ni kitu kingine kabisa, sio kile nilichokitoa. Kile nilichokitoa kilikuwa kimeshafungua mlango na kumwingiza mwenzake kabla mimi sijafika.

Hapo ndo kwenye moyo wa ubishi wote, na naona wanaosafisha hawapendi kupagusa. Virusi vingi vya sasa kazi yake ya kwanza ni kuleta wengine. Andromeda, ambayo nayo ilisambaa sana kwa flashi, Europol, polisi wa Umoja wa Ulaya, walipoizima mwishoni mwa Novemba 2017 walisema imehusishwa na familia 80 za programu haribifu, na kwa miezi sita ya nyuma ilikuwa inakutwa au kuzuiwa kwenye mashine zaidi ya milioni 1 kila mwezi kwa wastani. Familia themanini. Sasa wewe antivirusi yako ikikuonyesha imekamata Andromeda na kuifuta, umejua ilishaleta yupi kati ya hao? Ile sifuri ya kijani mwisho wa skani maana yake ni kwamba haijaona kitu inachokijua. Sisi tunaisoma kama hamna kitu, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Alafu kuna kisa kimoja huwa nakisimulia kila nikipata mtu wa kunisikiliza. Desemba 2021, kwenye taasisi moja ya Ukraine, mtu alichomeka flashi akabofya mara mbili kitu kilichovaa sura ya folda, yaani ileile shotikati ya dada. Ikaingia Andromeda ya zamani, toleo la tangu 2013 huko, na kwa kuwa wenye nayo walishapotea, anuani ya intaneti iliyokuwa inaipigia hodi ilikuwa imeachwa mpaka ikaisha muda. Kirusi kipo, bosi hayupo. Januari 2022 mtu akaisajili upya ile anuani. Mashine zote duniani zilizokuwa na hicho kimzimu zikaanza kuripoti kwa bosi mpya, na huyo bosi hakuwa na haja na zote, akakaa anachagua, na ilipofika Septemba 2022 akawashushia baadhi vifaa vya ujasusi. Mandiant, kampuni ya usalama wa mitandao iliyo chini ya Google, walikuja kuandika hayo Januari 2023 na wanashuku ni Turla, kundi la wadukuzi linalohusishwa na Urusi. Ona sasa: kirusi mfu, ambacho kila mtu aliona hakina madhara, kilifufuliwa kwa bei ya kusajili anuani.

Mtu ataniambia Ukraine kuna vita, sisi nani atutafute. Haya, mwaka huohuo 2023 Mandiant haohao walieleza kuhusu kirusi Sogu, wanaoihusisha na majasusi wa China, iliyoingia kwenye taasisi zisizopungua 29 kwa kutumia flashi, na maambukizi mengi yalianzia kwenye ofisi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo. Kati ya njia walizozitaja ni kompyuta za pamoja kwenye maduka ya kuprinti na intaneti kafe. Steshenari, jamani. Palepale tunapopeleka CV.

Kwa hiyo fundi anayesema tuiondoe yote tuanze upya sio lazima awe mvivu. Inawezekana hajui kuieleza tu, ila anachokisema ndicho alichokiandika Jesper Johansson mwaka 2004 akiwa mtu wa usalama pale Microsoft, kwamba mfumo ulioingiliwa hausafishiki, unafutwa na kujengwa upya. Hoja ni uthibitisho. Ukisafisha, unabaki na mashine ambayo huwezi kuapa juu yake, na wewe hiyohiyo unaitumia kuingia benki. Kuna vya kujificha hata kwenye programu ya ubao mama, ESET, kampuni nyingine ya antivirusi, walikikuta kimoja, LoJax, mwaka 2018, hicho fomati haikitoi, lakini mtu wa nyumbani kukutana nacho ni nadra kiasi kwamba anayekitumia kupinga fomati ananichekesha.

Lililonimaliza kabisa mimi ni la kijana wa jirani. Alitaka gemu, akapata kraki yake, yaani ya kulicheza bila kulinunua, maelekezo yanasema zima antivirusi kwanza, kisha fungua faili la zip kwa paswedi 1234. Hiyo paswedi haipo kwa usalama wako wewe, ipo ili antivirusi isione ndani. Akazima, akafungua, gemu lenyewe halikufunguka. Akashtuka, akashusha antivirusi ya Malwarebytes, ikakamata vitu vinne, akafuta, akaskani tena, sifuri. Siku kumi baadaye Instagram yake inatangaza sarafu za kidijitali na yeye yuko nje hawezi kuingia. Na alikuwa ameweka namba ya uthibitisho kwenye simu! Hakuombwa hata hiyo namba, kwa sababu kilichoibwa ni kuki za brauza, zile zinazofanya usiulizwe paswedi kila ukifungua. Mwenye kuki zako kwa mtandao ule ndo wewe.

Hawa wezi wa aina hii ndo wamejaa sasa. Mmoja tu, Lumma, Microsoft walisema Mei 2025 kwamba ndani ya miezi miwili, kuanzia Machi 16 mpaka Mei 16, walihesabu kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa. Miezi miwili, mwizi mmoja. Nikiigawanya napata zaidi ya mashine elfu sita kwa siku, na kazi yake kwenye kila moja inaweza kuisha ndani ya dakika chache, anakomba paswedi, kuki na pochi za sarafu, anaondoka. Wewe unakuja jioni na antivirusi yako unafuta faili. Ni kama kufagia uwanja baada ya ng'ombe kuibwa, uwanja umependeza kweli.

Na hapo nakubali kwamba hata kupiga Windows hakurudishi ng'ombe. Kitu cha kwanza ni kuchukua simu au mashine nyingine safi, kubadili paswedi ya imeili ndo zifuate nyingine, na kubofya ile ya kutoa vifaa vyote vilivyoingia. Ndo uende kwenye fomati. Ukifanya kinyume, ukabadili paswedi kwenye mashine ileile unayoishuku, umempelekea na mpya.

Mafundi nao sasa. Nimewatetea lakini kuna sehemu wanaharibu, na wanaharibu vibaya. Kwanza hawaulizi Desktop na Documents zina nini, wakati zote zipo C, wanafuta, halafu wanakuambia D ipo salama. Pili wanaacha hiyo D na maprogramu yake yote ya exe, na virusi kama Sality kazi yake ni kujipachika kwenye exe, siku unaifungua tu unarudi ulipotoka. Tatu, na hili ndo linaniuma, wanamalizia na aktiveta. Umefuta kila kitu, mashine imetakata, halafu kitendo chako cha kwanza ni kuzima Defender na kuendesha programu ya kuvunja leseni isiyojulikana imetoka wapi. Umemtoa mwizi dirishani ukamfungulia mlango na kumkaribisha chai.

Na mara nyingi hiyo aktiveta haihitajiki hata! Laptopu nyingi zilizouzwa na Windows kuanzia ya 8 kwenda mbele ufunguo wake umo ndani ya ubao mama, hata ile ya mtumba, ukiweka toleo linalolingana inajiaktiveti yenyewe ikipata intaneti. Tatizo fundi ana flashi moja yenye Pro na kila mtu anapigiwa Pro, mashine ilikuja na Home, inakataa, basi anatoa aktiveta. Nilimuuliza mmoja Windows yake kaitoa wapi, akaniambia alipewa na mwalimu wake chuoni, 2019. Kila mteja tangu hapo.

Inayofanywa vizuri haina maajabu. Unabeba nyaraka na picha tu, exe hata moja usibebe, na kwanza washa ile ya kuonyesha viishio vya mafaili maana kuna "picha.jpg.exe" wengi. Unaenda kwenye kompyuta safi, unashusha Media Creation Tool kwa Microsoft wenyewe, unaandaa flashi ya GB 8. Ukifika pale inapouliza uweke wapi, unafuta vigawanyo vyote, sio C peke yake. Baada ya hapo apdeti kabla ya kitu kingine chochote, na kama ni Windows 10 ujue muda wake uliisha Oktoba 14, 2025, angalia kama mashine inapokea 11 au inaweza kuingizwa kwenye ule mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti za usalama. Jioni moja inatosha, na bando ukiwa huna, mtu wa ofisini mwenye WiFi hakosekani.

Laptopu ya dada nimeipiga mwenyewe hivyohivyo, Jumamosi moja, kuanzia saa tisa mpaka kwenye saa mbili usiku, na flashi yake nikaondoka nayo. Akanunua nyingine. Juzi kanipigia yuko steshenari ileile, anasema kaka, folda hazionekani tena.