Mzigo Uliopunga Mkono

Kwa kuwa jamaa yangu wa pikapu ya matandiko amekwisha kuwaambia watu wa nusu ya Naivasha kwamba nilijificha ndani ya trela ya farasi ili nisichangie mafuta, sina budi kueleza yaliyotokea jana kabla video ile ya mtu anayepunga mkono kutoka nyuma ya trela ya farasi haijamfikia mama kijijini. Ndiyo, yule mwenye shati jeupe ni mimi. La, sikuwa nikiwasalimu.

Nyinyi mnaonifuata hapa mmekwisha kuchoshwa na mahubiri yangu kuhusu usafirishaji wa farasi, kwa hiyo mtaamini nikisema kwamba kila jambo lilifanywa kwa kanuni. Trela yetu ina nafasi mbili, nasi tulikuwa na farasi jike mmoja tu wa kupeleka uwanja wa mbio wa Ngong. Tulimpandisha upande wa kulia, nyuma ya dereva, kwa kuwa barabara zetu zimeinuka katikati na uzito wote ukikaa kushoto trela huvutwa kuelekea mtaroni. Chuma cha nyuma kilifungwa kwanza, mlango mkubwa ukapandishwa, ndipo nami nikaingia kwa mlango mdogo wa mbele kumfunga kamba ya kichwani. Maana farasi aliyetangulia kufungwa kichwa huku nyuma pakiwa wazi, akishtuka na kurudi kinyumenyume, hujiumiza vibaya. Wakati ninaifunga kamba kwenye kitanzi cha uzi wa katani, ule ambao hukatika mnyama akianguka, dereva alikuwa akisoma karatasi niliyombandikia mimi mwenyewe karibu na usukani: "Hakikisha milango yote imefungwa." Alizunguka trela, akaukuta mlango mdogo uko wazi, akaukaza kwa komeo la nje, akaondoka. Yeye alidhani nimo kwenye pikapu iliyotangulia. Wa pikapu walidhani nimo na dereva. Simu yangu ilikuwa ikichajiwa kwenye pikapu, na yenyewe haikudhani lolote.

Nilipiga kelele hadi Maai Mahiu. Ndani ya trela kila bati lina sauti yake, na nje malori yana ya kwao. Kanuni ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba mtu hasafiri pamoja na farasi, kwa sababu mnyama wa kilo 450 akiruka humo huna pa kukimbilia. Basi nilijibana katika ile nafasi ya pili, nikatanua miguu kama nionavyo farasi wakitanua, na nikiri kwamba mbinu hiyo inafaa. Ubao wa kati haufiki sakafuni, makusudi, ili farasi apate mahali pa kuiweka miguu yake kwenye kona. Mahali hapo jana palikuwa kiatu changu. Tena kamba niliiacha na urefu wa kutosha aweze kuinamisha kichwa na kutoa vumbi puani, kwa kuwa farasi anayesafiri muda mrefu kichwa kikiwa juu huweza kupata homa ya mapafu. Vumbi alilitoa vizuri sana, mara kwa mara, akinigeukia mimi.

Sasa sikilizeni, na acheni kucheka mapema. Baada ya lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano, mlima unaanza, malori yanatambaa, na magari yote yanajipanga nyuma yao. Juu ya mlango wa nyuma tulikuwa tumeacha uwazi ili hewa ipite. Nikajisogeza hadi huko, nikatoa kichwa nje, nikapunga mkono mmoja kwa nguvu zangu zote, na wa pili nikaulaza juu ya ubao wa kati ili nisianguke. Nyuma yetu palikuwa na matatu iliyojaa. Abiria wa mbele, mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani, alinitazama, akatabasamu, naye akapunga. Mtoto aliyempakata akapunga. Simu zikainuka dirisha baada ya dirisha.

Hapo ndipo nilipouona mkia. Nilikuwa nimeufunga bendeji asubuhi usichubuke kwenye chuma, kazi safi, nyeupe, yenye mikunjo iliyolingana. Ulitikisika kidogo. Ukatulia. Kisha ukaanza kuinuka, taratibu kabisa, nami nikajua, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kujua, kwamba safari humlegeza farasi tumbo. Nilitaka kuuondoa mkono. Lakini dereva, ambaye nilimfundisha aendeshe kana kwamba amebeba sufuria ya chai isiyo na kifuniko, alikuwa ameingia kwenye kona, na mkono ule ndio pekee ulionizuia nisitoke kwa uwazi ule nikaangukia boneti ya matatu. Nikauacha. Ulipokea bonge la kwanza kwenye kiwiko, la pili likaingia ndani ya mkunjo wa shati, na mengine yakafuata njia iliyokwisha kufunguliwa, yakiwa na joto ambalo sikulitarajia. Na mkono wa kulia, sijui kwa nini, uliendelea kupunga. Hiyo ndiyo sehemu mliyoiona.

Matatu ilipopata nafasi ya kutupita, makanga alimpigia kelele dereva wetu: "Dere, farasi wako mmoja anaongea!" Tukasimama. Komeo likafunguliwa, dereva akanitazama tangu kiatuni hadi kiwikoni, akaniuliza nilipandia wapi. Niliogeshwa kwa maji ya farasi kando ya barabara. Yule jike alishuka Ngong akiwa mkavu, mtulivu, bila hata mchubuko, jambo ambalo hakuna aliyelirekodi.

Jioni nilikataa kurudi na trela, nikapanda matatu ya Naivasha. Makanga alikuwa yuleyule. Alishauriana kwanza na dereva wake, ndipo akakubali kunitoza nauli ya mtu.